Usiing'oe Ua kwa Neno la GPS

Bwana mkulima, nawe Bibi mwenye shamba, siku hizi si ajabu kumwona mtu akizunguka shamba lake ameshika chombo kidogo cha GPS, akikitazama kama anayesoma barua. Chombo chenyewe hutosha kiganjani, hutumia betri mbili ndogo kama zile za tochi, na humwambia mtu mahali aliposimama juu ya dunia. Hata ambaye hakukinunua huenda anacho ndani ya simu yake. Ni chombo kizuri. Mimi ninacho, nami hukitumia. Lakini nimeona ugomvi ulioletwa nacho katika skimu, na kwa sababu hiyo nataka kusema nawe waziwazi juu ya kazi kinayoiweza na kazi kisiyoiweza.

Niliwahi kukaa katika baraza la majirani wawili. Wazee wao walipewa mashamba katika miaka ya 1960, kila mmoja ekari 15. Walipanda ua wa michongoma katikati na wakaishi kwa amani mpaka walipozikwa. Ndipo kijana wa upande mmoja akarudi nyumbani na GPS. Alizunguka shamba lote, akabonyeza, na chombo kikamwambia ekari 14 na nusu. Akatazama karatasi ya shamba: ekari 15. Basi nusu ekari iko wapi? Akajijibu mwenyewe kwamba imeliwa na jirani. Juma lililofuata michongoma ilikuwa imeng'olewa, na nguzo za waya zimesimama hatua nane ndani ya mahindi ya jirani. Watoto waliokuwa wakichota maji pamoja wakakatazwa kusalimiana.

Nilimwomba yule kijana anionyeshe alipopita, naye akanionyesha bila kusita. Alikuwa amepita upande wa ndani wa ua, hatua mbili kutoka kwenye miiba, maana ni nani awezaye kutembea katikati ya michongoma? Sasa tupige hesabu. Shamba la ekari 15 likiwa na pande nne sawa, kila upande ni karibu mita 246, na mzunguko wake wote ni karibu mita 985. Ukiacha mita 2 pande zote, umeacha kiasi cha mita za mraba 1,950. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Basi hiyo ndiyo ile nusu ekari, au karibu yake. Hakuna aliyeila. Ilikuwa chini ya miiba muda wote.

Hapo kosa lilikuwa la miguu, si la chombo. Lakini chombo nacho kina kosa lake, na ni vizuri ujue linatoka wapi. Juu angani, kiasi cha kilomita 20,200 kutoka ardhini, kuna setilaiti za Marekani zaidi ya 24, na kila moja huizunguka dunia karibu mara mbili kwa siku. Ya kwanza ilirushwa mwaka 1978. Kila setilaiti hutangaza saa yake na mahali ilipo, na chombo chako husikiliza tu, kama redio isikilizavyo habari. Hakipeleki kitu huko juu wala hakitozwi ada. Hupima mawimbi yalivyochelewa njiani, na kikisikia setilaiti nne au zaidi huweza kujua mahali kilipo. Lakini mawimbi hayo huenda mbio sana. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300 hapa chini. Ukifikiri hivyo, ajabu si kwamba kinakosea, bali kwamba kinakosea kidogo tu.

Mpaka Mei 2000 Serikali ya Marekani ilikuwa ikitia kosa makusudi katika matangazo yanayosikilizwa na raia, hata mtu aliweza kukosea mita 100. Siku hizi kosa hilo limeondolewa, tena vyombo vingi husikiliza na setilaiti za Urusi, za Ulaya na za Uchina. Mahali peupe, chombo cha mkononi hukosea mita 3, pengine 5, pengine 10. Chini ya mikaratusi, kando ya ukuta au paa la mabati, au ndani ya bonde jembamba, hukosea zaidi, kwa maana mawimbi huzuiwa au hugonga kitu kwanza kabla ya kukufikia. Chombo chenyewe huandika kwenye kioo makadirio ya kosa lake, kwa mfano mita 3. Hayo ni makadirio, si ahadi.

Usiniamini mimi. Nenda kwenye jiwe moja la mpaka wako, simamisha chombo juu yake, ngoja dakika chache, uandike namba. Rudi adhuhuri na jioni, kisha ufanye hivyo kwa siku tatu. Nilipofanya hivyo kwangu, jiwe moja lilipata mahali tisa, na hapa mpaka pale palikuwa na hatua kadhaa. Jiwe halikuhama.

Najua utakaloniuliza, kwa sababu yule kijana aliuliza lilo hilo barazani: mbona mpima ardhi naye huja na chombo cha setilaiti? Ni kweli. Lakini mpima huja na vyombo vinavyosaidiana. Kimoja husimama juu ya alama ambayo mahali pake panajulikana sawasawa, na kosa linaloonekana pale huondolewa katika kile kinachotembea. Kwa njia hiyo anafikia sentimita, wewe unabaki katika mita. Tena yeye ana leseni, na ana ramani na vipimo vya zamani vya kuanzia.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni hili. Kwa mashamba yetu mengi, mstari ulio katika ile ramani ya ofisi ya ardhi si mstari wa kukata kwa kisu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inasema kwamba, isipokuwa imeandikwa katika sajili kuwa mipaka ya shamba imepimwa na kuthibitishwa, ramani huonyesha mpaka kwa kukadiria tu. Mara nyingi ua, mfereji na mawe yaliyo ardhini ndiyo yanayotazamwa kwanza, ndiyo maana sheria hiyo hiyo inafanya kuharibu au kuondoa alama ya mpaka bila ruhusa ya Msajili kuwa kosa la jinai. Yule kijana alidhani anarudisha haki ya baba yake. Kumbe aling'oa ushahidi mkubwa kuliko wote aliokuwa nao!

Kama una wasiwasi juu ya mpaka, peleka maombi kwa Msajili wa Ardhi. Majirani wanaohusika wataarifiwa, yeye atakuja na mpima, na atawasikiliza nyote pale pale shambani. Mahakama haitapokea kesi ya mpaka wa shamba lililosajiliwa kabla Msajili hajaamua mpaka uko wapi, kwa hiyo usipoteze pesa kwa wakili kwanza. Kama skimu yako haijapata hati, anza kwa afisa wa settlement. Najua kwamba kazi hiyo huchukua muda, na kwamba wengine huchoka kungoja. Hata hivyo kungoja mwaka mzima ni nafuu kuliko kumwuguza mtu aliyekatwa panga kwa ajili ya hatua nne za mahindi.

Basi kazi ya chombo hiki ni ipi? Kwangu mimi faida yake kubwa ni kujua ukubwa wa kipande nitakacholima. Mwenye trekta hutoza kwa ekari, na ekari yake hukua kila mwaka. Mbegu na mbolea nazo huhesabiwa kwa ekari. Zunguka kipande chako polepole, pita pale pale penye mwisho wa matuta, rudi mpaka ulipoanzia, kisha zunguka tena mara ya pili. Hesabu mbili zikikaribiana, chukua ya katikati. Zikitofautiana sana, ngoja saa moja ujaribu tena, maana setilaiti zitakuwa zimehama.

Lakini angalia umbo la kipande. Katika kipande kipana kosa la mita 3 ni dogo. Sasa chukua kipande cha mita 20 kwa mita 200, ambacho ni karibu ekari moja kamili. Ukikosea mita 3 katika upana, umekosea mita za mraba 600, yaani karibu sehemu moja ya saba ya kipande chote. Utanunua mbolea ambayo huna mahali pa kuiweka. Kwa kipande chembamba namna hiyo, chukua tepu au kamba iliyopimwa, mwite mtoto ashike upande wa pili, na uache GPS mezani.

Kazi nyingine ni ya kutembea. Kama unatafuta ng'ombe katika ukungu wa Kinangop au unapita msituni, weka alama ya nyumbani kabla hujaondoka, si baada ya kupotea. Chombo kitakuonyesha mshale wa kurudia. Mshale huo haujui mto wala korongo. Unaonyesha njia ya kunguru. Tena, vyombo vingi vya bei nafuu havina dira ndani, kwa hiyo ukisimama mshale hauna maana. Tembea hatua ishirini kwanza, ndipo uutazame. Na uchukue betri za akiba.

Ukimpelekea mtu namba zako, daktari wa mifugo au wachimbaji wa kisima, usiache herufi. Sisi tunakaa juu ya Ikweta. Mtu wa karibu na Nyahururu au Nanyuki akiandika dakika 5 tu bila kusema ni Kusini au Kaskazini, daktari anaweza kwenda upande usio wake, na hapo kosa ni zaidi ya kilomita 18. Ng'ombe hatangoja. Na kama unatumia zile ramani za zamani za kipimo cha 1:50,000, jua kwamba zilichorwa kwa hesabu inayoitwa Arc 1960, na chombo chako hutoka dukani kikiwa kimewekwa kwa WGS 84. Namba za huyu ukizitia kwa yule unakosea kiasi cha mita 300. Tafuta mahali pa kubadilisha katika chombo chenyewe. Pamo, ila wauzaji wengi hawapajui.

Narudi kwenye mpaka, kwa kuwa hata huko chombo kina msaada mmoja. Mawe ya mpaka hufukiwa na udongo, hufunikwa na nyasi, na mzee anayejua yalipo hufa. Mwite jirani yako, mtembee pamoja kutoka jiwe mpaka jiwe, na kila mmoja aandike namba za GPS katika daftari lake: tarehe, herufi ya Kusini au Kaskazini, na mti au mwamba ulio karibu. Mnaweza kupiga picha pia, jiwe na nyinyi wawili mkiwa mmesimama. Namba hizo hazitakuonyesha jiwe lenyewe, ila zitakuleta karibu nalo, na baada ya hapo jembe ndilo litakalolitafuta. Majirani wale wa barazani walifanya hivyo mwishowe. Mawe matatu waliyaona siku ile ile. La nne lilikuwa chini ya shina la mchongoma uliong'olewa, mahali pale pale wazee walipoliacha.