Bunduki ya guka irudishwe, lakini msitutishe

Binamu yangu ana mikono. Pale Kimbo, Ruiru, mpe pikipiki iliyokufa kabisa, umwachie wiki moja, siku ya nane utaiona barabarani imebeba watu watatu. Kuna wakati aliokota cherehani ya Singer iliyotupwa nyuma ya ploti, akaisugua kutu, akaipaka rangi, na leo mama mmoja mtaani anaishonea sare za shule. Ndiyo maana siku tuliyopanda darini nyumbani kwa guka, nje kidogo ya Thika upande wa Mang'u, tukakuta kitu kirefu kimefungwa ndani ya gunia, mimi niliona shida na yeye akaona kazi.

Ilikuwa shotigani. Mtutu mmoja, kutu kila mahali, kitako cha mbao kimepasuka na kufungwa kwa waya. Kando yake palikuwa na mkebe wa Kimbo (mafuta, si mtaa) wenye risiti za kahawa na leseni ya bunduki ya guka, iliyokwisha muda kitambo. Mzee alikuwa na duka na shamba la kahawa, na wezi wa kahawa hawakuanza jana. Alikuwa amefariki miezi miwili iliyopita. Hakuna aliyekuwa amekumbuka bunduki, au pengine walikumbuka wakanyamaza.

Jioni hiyo binamu alinionyesha video kwenye simu. Ziko nyingi, na nikubali, ni tamu. Jamaa wa Marekani anachukua shotigani ya babu yake, anaifungua yote, analoweka vyuma kwenye mafuta, anapiga kitako msasa mpaka mistari ya mbao inaonekana. Halafu anaanza kuiremba. Anabadilisha mdomo wa mtutu ili marisau yatoke yamebanana, kwa sababu bata mzinga hulengwa kichwani na shingoni, sehemu ndogo sana. Anaweka kioo chenye nukta nyekundu ya kulengea, na anaipaka bunduki yote rangi za majani kwa sababu ndege huyo ana macho makali kuliko ya mwenye nyumba tarehe tano. Mwishowe jamaa anaketi chini ya mti alfajiri, anasugua kisanduku cha mbao kinacholia kama jike, na dume linakuja lenyewe likijipanua mkia.

"Maze, hii tunaweza," binamu akasema.

"Ya kuwinda nini?"

"Bata mzinga."

Bata mzinga ninaowajua mimi Ruiru wako nyuma ya nyumba ya jirani, wanasubiri Krismasi. Ukimpiga mmoja risasi hutaitwa mwindaji. Utaitwa mwizi, na kabla karao hawajafika vijana wa bodaboda watakuwa wamefika.

Tulicheka, lakini yeye hakuwa anatania, na ndiyo sababu ninaandika haya. Najua si yeye peke yake. Nyumba za wazee wetu zina dari nyingi, na vijana wanaojua kutumia grainda ni wengi kuliko wanaojua sheria ya silaha inasema nini.

Kwanza niseme nisichokubaliana nacho. Watu husema Wamarekani wana wazimu wa bunduki, yameisha. Kwa wawindaji wa bata mzinga mambo si rahisi hivyo. Bunduki ya yule babu ina mahali pake: kuna msimu wa kuwinda, kuna leseni, kuna idadi ya ndege unaoruhusiwa. Tena tangu sheria yao ya mwaka 1937, bunduki ndefu na risasi zinatozwa ushuru wa asilimia 11 unaokwenda kuhifadhi wanyamapori. Mjukuu anayesugua kutu pale anarithi bunduki pamoja na desturi nzima iliyoizunguka.

Kwetu desturi hiyo ilikatwa. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 imesema wazi kwamba kuwinda kwa burudani ni kosa. Hata kanga, yule wa madoadoa, ukitaka kumfuga tu lazima uwe na kibali cha KWS. Unaweza kubishana kama marufuku hiyo imewasaidia wanyama. Watafiti waliochapisha hesabu zao 2016 walikuta wanyamapori wetu wamepungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu mwaka huo huo wa 1977, kwa hivyo mjadala upo. Lakini mjadala huo hautamsaidia binamu. Ukiwaondoa walenga shabaha wenye leseni na vilabu vyao, shotigani iliyofufuliwa Ruiru haina ndege wa kulenga. Inabaki na kazi moja, na sote tunaijua.

Halafu kuna leseni. Wengi hudhani leseni ya bunduki ni kama hati ya shamba, mzee akifa inaingia kwenye urithi. Leseni ni ya mtu, na ikifika siku yake bila kufanywa upya, hata yeye mwenyewe anakuwa na bunduki haramu. Disemba 2018 serikali iliwaagiza raia wote wenye bunduki halali wakakaguliwe upya, na wazee wengi walipanga foleni. Guka hakwenda. Miguu ilikuwa imekataa. Na fundi anayetengeneza silaha bila kusajiliwa anavunja sheria hata kama alikuwa anabadilisha msumari wa kitako tu. Kosa hilo halifanani na la kanjo ambapo unatoa mia mbili unaenda zako. Ni la jela, miaka.

Lakini sheria si ndiyo iliyonishawishi. Alinishawishi cucu.

Alipoona gunia mezani aliinuka, akafunga mlango. Mchana kweupe. Akauliza kwa sauti ya chini nani mwingine ameona. Sisi wa kizazi cha bando tulidhani ni uoga wa uzeeni, mpaka nikakaa nikahesabu miaka. Cucu alikuwa msichana wakati wa hali ya hatari, ile iliyotangazwa Oktoba 1952. Wakati huo huku kwetu shotigani ilikuwa inasema uko upande gani. Hom gadi walianza na mikuki na mishale, baadaye wakapewa shotigani. Waliokuwa msituni walijitengenezea zao kwa bomba la maji, mbao, komeo la mlango na mpira wa tairi. Sasa fikiria hilo: vijana wenye mikono kama ya binamu, wakifanya kazi ile ile ya kubuni, na wakikamatwa nayo ni kitanzi. Kosa lililomnyongesha Dedan Kimathi, Februari 18, 1957, kwenye karatasi za mahakama lilikuwa kupatikana na bastola na risasi bila ruhusa.

Alinyongewa Kamiti, hapo tu, si mbali na Ruiru. Na mwaka 1909 Kamiti hiyo hiyo ilikuwa ranchi ya mlowezi ambako Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alikuja kuwinda nyati. Alifikia Juja pia, shambani kwa tajiri McMillan. Yeye na mwanawe waliua wanyama 512 katika safari hiyo, na shotigani aliyokuja nayo iliuzwa mnadani Marekani mwaka 2010 kwa zaidi ya dola 860,000. Bunduki ya mgeni iliwekwa vizuri ikawa kumbukumbu ya thamani. Ya mwenyeji ilimpeleka kwenye kamba. Ndiyo maana cucu anafunga mlango.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: bunduki ya guka irudishwe, mara moja, bila kuipiga hata msasa. Lakini serikali nayo itusaidie, maana kinachozifanya silaha hizi zikae darini ni uoga kuliko ukaidi. Ungeona grupu yetu ya WhatsApp wiki hiyo. Mjomba mmoja alishauri itupwe mto Chania usiku. Mwingine alisema izikwe chini ya migomba. Wa tatu, ambaye nitamheshimu kwa kutomtaja, alikuwa na "mnunuzi". Hawa ni watu wazima, wengine wazee wa kanisa. Kila mmoja alikuwa anaogopa jambo moja: ukiingia kituoni na bunduki, utatoka?

Sasa zidisha familia yetu mara nyumba zote zenye mkebe na gunia. Bunduki iliyotupwa mtoni itaokotwa na mtoto, iliyozikwa itafukuliwa na mwenye trekta, na iliyouzwa itarudi Githurai usiku ikikuuliza simu yako iko wapi. Novemba 2016 serikali ilichoma silaha haramu 5,250 pale Ngong, Naibu Rais akiwa hapo, na picha zilikuwa nzuri. Lakini hakuna kamera iliyowahi kuja kumwambia mjane wa Mang'u afanye nini Jumatatu asubuhi.

Tunachotaka si kikubwa. Kuwe na nambari moja ya kupiga. Kuwe na muda unaojulikana baada ya kifo, tuseme siku tisini, ambao familia haitaulizwa "mlikuwa mnaifanyia nini". Maafisa wawili waje nyumbani bila kelele, wapewe chai, waandike risiti, waende. Mambo haya yaelezwe kwa chifu na kwenye matangazo ya mazishi ya redio za Kikuyu, kwa sababu cucu hasomi tovuti.

Sisi tulibahatika. Tulimwambia chifu, chifu akapiga simu, na tukakatazwa kuisogeza. Hilo lishike: usiipakie kwenye matatu ya Thika ati unaipeleka kituoni, kwa sababu ukisimamishwa njiani hakuna atakayesikiliza hadithi ya guka. Walikuja siku ya tatu. Cucu hakulala siku hizo zote, na walipoondoka alifagia sebule mara mbili.

Binamu aliuliza kama anaweza kubaki na kitako tu, ile mbao, ya kumbukumbu. Afisa alikataa, na alikuwa na haki. Binamu alinuna, na hadi leo anasema tulimwonea.

Lakini wiki iliyopita nilimkuta Kimbo na kipande cha mgrevilea kutoka shambani kwa guka, amekichonga kisanduku chembamba chenye kifuniko cha kusugua, kama kile cha kwenye video. Alipaka chaki, akasugua mara tatu. Nyuma ya ukuta, dume la jirani likamjibu.