Matembezi Kando ya Kirichwa Kubwa

Umezuka mtindo katika mji wa Nairobi wa kumwona mtu anayetembea polepole kuwa ni mvivu au hana kazi. Mtindo huu haufai. Mtumishi wa serikali aliyeinamia majalada juma zima, na mwalimu aliyesimama mbele ya watoto tangu asubuhi, wana haki ya saa mbili za kutembea pasipo haraka. Mahali pa kufanyia hivyo papo: ni Bustani ya Miti, au Arboretum kama wengi waiitavyo, iliyo kando ya Mto Kirichwa Kubwa, jirani na Ikulu.

Bustani hii ilianzishwa mwaka 1907, wala si kwa ajili ya matembezi. Wakoloni walitaka kujaribu miti inayokua upesi, ipate kuwa kuni za garimoshi. Reli iliacha kuni zamani, miti imebaki. Ni eneo la hekta 30 hivi, lenye aina zaidi ya 300 za miti, ya kwetu na ya ng'ambo. Apitaye humo mwisho wa juma huwakuta wanafunzi na madaftari yao, watu wa maombi wanaosali kwa sauti kuu vivulini, na kima ambao, tuseme kweli, hawana adabu hata kidogo mbele ya mtu aliyebeba ndizi.

Lakini atembeaye polepole huona mengi, na miguu ikimfikisha mtoni huyaona pia yasiyopendeza. Jina la Nairobi latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Je, nani leo atayateka maji hayo kwa kiganja ayanywe? Tumezoea kusema kwamba wachafuzi wa mito ni wakazi wa vibanda. Tukitazame Kirichwa Kubwa. Kabla ya kuifikia bustani hupita Kileleshwa, mtaa wa watu wenye nafasi, ndipo kikajiunga na Mto Nairobi. Maji hayo hayo hupita Gikomba na Korogocho, yakaingia Mto Athi, yakaishia Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Basi mama wa Korogocho hupokea taka za majirani asiowajua, kisha yeye ndiye alaumiwaye.

Sheria ipo. Kanuni za maji za mwaka 2007 zilitaka ukingo wa mto uachwe wazi kwa mita zisizopungua 6, na ziliweza kufika 30. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali iliwaamuru waliokaa ndani ya mita 30 wahame, na nyumba nyingi za Mathare zikabomolewa. Hatuipingi sheria. Twasema tu kwamba kamba iliyopima bati la Mathare ipime pia ukuta wa ghorofa, na ianzie mtoni juu, si chini.

Walimu wanaweza kuianza kazi hiyo wenyewe. Mwalimu wa jiografia na awapeleke watoto wake bustanini, kwanza wapumzike, wajifunze majina ya miti. Kisha wafuate ukingo wa Kirichwa Kubwa, popote njia inaporuhusu, wakihesabu mabomba yamwagayo maji mtoni na kuandika kila moja latoka uani kwa nani.