Tulipokwisha Kula



Hivi karibuni tulipata siku ya mapumziko, tukashuka na rafiki yetu wa siku nyingi kutoka Tukuyu hadi Matema, kando ya Ziwa Nyasa. Sisi tuliozoea baridi na ukungu wa Rungwe, tulipokata Kikusya kuelekea Ipinda tulikuwa tumekwisha kuvua sweta. Kwenye mgahawa wa ufukweni tuliagiza wali wa Kyela na samaki aina ya mbasa. Mbele yetu maji, pembeni Milima ya Livingstone, na akina mama wa Kikisi wakishusha vyungu vyao kutoka mtumbwini.

Tulifurahi mno. Miaka yote tumekuwa tukikutana misibani na vikaoni, lakini kukaa pamoja bila haraka, hata siku moja!

Tulimwona akiongeza chumvi mara ya pili. Tukasubiri amalize kula, ndipo tukamwuliza taratibu: “Dada, dawa za presha bado unameza?”

Akatazama ziwa. “Niliacha tangu Pasaka. Si mliniombea ninyi? Nikajisikia mzima. Nikaona kuendelea kumeza ni kukosa imani.”

Maneno hayo yalituchoma. Ni kweli, tulikuwa miongoni mwa waliomwekea mikono. Tuliomba, tukasema amina, tukaenda zetu. Hata sisi tuliosomea uuguzi hatukumwambia aendelee na dawa. Tulimwomba radhi palepale mezani.

Jumatatu tulimsindikiza kliniki. Kipimo kilisoma 180 kwa 110. Daktari akamrudishia dawa, na sasa anameza kila asubuhi.

Akina mama, shinikizo la damu mara nyingi halina dalili. Mtu anaweza kulima, kuimba kwaya na kucheka, kumbe moyo, figo na ubongo vinaumia, hata siku moja apatwe na kiharusi. Kujisikia mzima si kipimo. Kipimo kikifika 140 kwa 90 au zaidi, tena kwa siku tofauti, mwone daktari. Dawa usiache wala usipunguze bila ushauri wake. Huenda unajisikia vizuri kwa sababu dawa inafanya kazi. Chumvi ya siku nzima kwa mtu mzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye dagaa wakavu.

Bwana Yesu mwenyewe alisema wagonjwa ndio wanaohitaji tabibu. Na pale ufukweni, katika Yohana 21, aliwalisha kwanza wanafunzi wake samaki na mkate. Walipokwisha kula ndipo alipomwuliza Petro swali gumu.

Basi mwezi huu mwalike rafiki yako mle pamoja, hata kama ni ndizi na maharage jikoni kwako. Akishiba, mwulize hali yake. Nasi katika kikundi chetu tumekubaliana: tukimwombea mgonjwa na kusema amina, tutamwuliza pia kama dawa anameza.