Nani Kawaambia Kulesa Hailipi Ushuru?

Kila mwaka Mswada wa Fedha ukikaribia Bungeni, kuna maneno yanarudi kama mafua: "Sisi wenye mshahara ndio tunabeba hii nchi. Wengine wanakula tu." Wanaoyasema ni watu wa Nairobi na Mombasa, wengi wao rika langu, wamesoma, wana kazi, na mwisho wa mwezi wakitazama hati ya mshahara wanaona imekatwa mpaka mfupani. Hasira yao naielewa kabisa. Lakini ile sentensi ya pili ni uongo. Tena ni uongo wenye gharama, maana hutumika kuamua nani apewe barabara na nani aendelee kungoja.

Mimi ni mtu wa Kulesa, huko Garsen, Kaunti ya Tana River. Chuo nilikiacha mwaka wa pili karo iliponishinda, na sasa nakula kwa kuandika, kazi moja moja. Sina mwajiri, sina hati ya mshahara. Kwenye hesabu zao mimi na watu wa kwetu tuko kwenye lile fungu la "wengine". Sawa. Hebu tuzifanye hizo hesabu pamoja.

Tuanze na mwenye haki ya kulalamika. Chukua mwalimu wa shule ya binafsi anayelipwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Kwa viwango vya mwaka 2025, NSSF inachukua 2,400, SHIF 1,100, ushuru wa nyumba 600. Kisha inakuja PAYE, shilingi 3,153. Jumla ni 7,253 zilizoondoka kabla hajashika hata ndururu. Ukimwambia NSSF ni akiba yake mwenyewe, atakuambia uzee uko mbali na mwenye nyumba yuko mlangoni. Atakuwa sawa.

Sasa mtazame mwalimu huyo amesimama foleni moja na nani. Kiwango cha asilimia 30 kinaanza ukishapita shilingi 32,333 kwa mwezi, na kinaendelea hivyo hivyo mpaka 500,000. Maana yake shilingi ya mwisho ya mwalimu wa 40,000 inakatwa sawasawa na shilingi ya mwisho ya meneja wa 450,000. Ukivuka nusu milioni unapanda mpaka asilimia 32.5, na ukivuka 800,000 unafika 35. Yaani kutoka sufuri hadi 30 ngazi imebanwa yote kwenye mishahara midogo, halafu kwa wakubwa inapanda pole pole kama mzee mwenye miguu mibovu. Mwalimu ana sababu ya kukasirika. Swali langu ni kwa nini hasira yake imeelekezwa chini, kwa mama mboga na mkulima wa mtoni, wakati walio juu yake wanapita kimya.

Tazama kodi ya nyumba. Mwenye nyumba za kupangisha anayepokea shilingi 200,000 kwa mwezi analipa ushuru wa asilimia 7.5 tu, yaani 15,000. Kwa viwango hivyo vya 2025, mwajiriwa wa 200,000 hizo hizo alikatwa PAYE ya zaidi ya 48,000, na hapo sijagusa makato mengine. Ni kweli, mwenye nyumba anatozwa kwenye kodi yote bila kuondoa gharama za ukarabati wala mkopo wa benki. Mpe haki yake hiyo. Lakini hata mwajiriwa haondoi nauli yake ya matatu, wala chakula cha mchana, wala shati la kazini. Na kiwango hicho cha mwenye nyumba kilikuwa asilimia 10; Sheria ya Fedha ya 2023 ikakishusha. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyopandisha VAT ya mafuta kutoka 8 mpaka 16. Mwenye nyumba kapunguziwa, mwenye bodaboda kaongezewa. Hilo hatukulisikia sana kwa watu wa "tunabeba nchi".

Gawio la hisa linatozwa asilimia 5. Wenye hisa watasema kampuni imeshalipa asilimia 30 kwenye faida, na ni kweli pale kampuni inapolipa. Zile zilizo kwenye maeneo ya EPZ zinasamehewa ushuru wa faida miaka 10 ya kwanza. Na faida ya kuuza ardhi na mali? Ushuru huo ulisimamishwa mwaka 1985 ukarudi 2015. Miaka 30 bana! Katika miaka hiyo watu wamenunua na kuuza viwanja Nairobi mpaka wamekuwa mabwanyenye, na kwenye faida ile hawakutozwa kitu. Muda wote huo PAYE haikusimamishwa hata mwezi mmoja.

Wabunge nao walikuwa na ujanja wao: mshahara wa msingi unatozwa, marupurupu manono yanapita bure. Ilibidi Katiba ya 2010, kifungu cha 210, iseme wazi kwamba hakuna sheria itakayomsamehe afisa wa serikali ushuru kwa sababu ya cheo chake. Fikiria nchi inayohitaji kuandika jambo kama hilo kwenye katiba.

Sasa twende Kulesa, kwa hawa wanaodaiwa "kula tu".

Jambo la kwanza: kutodaiwa na kukwepa ni vitu viwili. Sheria ya nchi inasema mtu mwenye mapato ya shilingi 24,000 kwa mwezi au chini ya hapo, yaani 288,000 kwa mwaka, ushuru wake wa mapato ni sufuri baada ya nafuu anayopewa kila mtu. Biashara ndogo inaingia kwenye ushuru wa mauzo ikifikisha mauzo ya milioni moja kwa mwaka. Mkulima wa ndizi na maembe kando ya mto, mchunga mbuzi, kijana wa bodaboda pale stendi ya Garsen, wengi wao hawafiki huko. Hawajamwibia mtu. Ni maskini, na sheria imeliona hilo. Anayemwita mtu huyo mkwepaji hajui anachokisema, au anakijua na ana lake.

Jambo la pili: wanalipa. Sabuni ina VAT ya asilimia 16. Sukari hivyo hivyo, mafuta ya kupikia hivyo hivyo. Ukinunua muda wa maongezi kwenye simu kuna ushuru wa bidhaa asilimia 15, halafu na VAT. Ukituma pesa kwa simu, ada yake ina ushuru ndani. Risiti ya dukani Garsen haikuulizi kama umeajiriwa. Tena ushuru huu humuuma zaidi asiye nacho, maana mwenye 15,000 huzimaliza zote dukani, na mwenye 500,000 hutumia nusu akaweka nusu. Ile nusu aliyoweka haijagongana na VAT hata kidogo.

Nawapa mfano mmoja tu, nyie mkauchambue. Mvua ikigoma, mkulima wa kwetu anawasha pampu kuvuta maji ya Tana kuingiza shambani. Pampu inakunywa petroli. Kila lita ina ushuru wa kutunza barabara, ambao Julai 2024 ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25. Akinunua lita 10, amechangia barabara shilingi 250. Pampu haina magurudumu! Imekaa kwenye matope kando ya mto tangu asubuhi mpaka jioni, haijawahi kukanyaga lami. Na barabara anayoichangia ndiyo ile inayokatwa na mafuriko, Garsen hadi Lamu, kama ilivyokatwa mwisho wa 2023, na ikakatwa tena 2024, mabasi yakalala njiani na bei za vitu zikaruka. Huyu ndiye mnayemwambia halipi?

Jambo la tatu halimo kwenye vitabu vya Mamlaka ya Ushuru, lakini limo kwenye maisha yenu. Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere: mabwawa yote hayo matano yamejengwa juu ya Mto Tana, na umeme wake kwa miaka mingi umewasha viwanda na ofisi za nchi hii. Maji mengi ya mfereji wa Nairobi yanatoka Ndakaini, kwenye Mto Thika, ambao nao unamwaga Tana. Mto ule ule ukifika kwetu, unafika na kile kilichobaki. Kiangazi tunaona mchanga. Masika, mabwawa yakijaa na kufurika, tunayaona maji yote kwa siku moja, mashamba yanazama, watu wanahamia kwenye mahema. Hakuna hati ya mshahara inayoandika "makato ya mafuriko". Sisemi maji yasizuiwe huko juu. Nasema ukishika kikokotoo kuhesabu nani anambeba nani, anza mtoni.

Na hii hadithi ya wengine kulipa na wengine kulaumiwa si ngeni hapa. Waingereza walileta ushuru wa vibanda mwanzoni mwa karne iliyopita, kanuni zake za kwanza ni za 1901. Mwafrika alilipia nyumba yake mwenyewe aliyoijenga kwa mikono yake, na alitakiwa alipe kwa pesa taslimu, kusudi atoke akatafute kazi kwa mzungu. Ushuru wa mapato ulipoletwa 1921, ambao ungewagusa masetla wenye mali, walipiga kelele mpaka ukafutwa mwaka uliofuata. Ukarudi 1937. Kwa hiyo katikati hapo kuna miaka 15 ambapo mwenye kibanda alilipa ushuru wa kibanda, na mwenye maelfu ya ekari hakulipa ushuru wa mapato. Na bado masetla walijiita wao ndio walipaji wa nchi, kwa hiyo shule na hospitali nzuri ziwe zao. Linganisha maneno hayo na mnayoyasema leo.

Maana hapo ndipo penye hatari. Mwaka 2020 Seneti ilikwama wiki kwa wiki ikibishania fomula ya kugawa pesa za kaunti, na kwenye pendekezo lililokuwa mezani Tana River ilikuwa miongoni mwa zitakazopoteza. Pia kuna kaulimbiu ya mtu mmoja, shilingi moja. Inasikika tamu. Lakini kaunti yenye watu wachache waliotawanyika kwenye eneo kubwa inahitaji kilomita zile zile za barabara, na zahanati haiwi nusu kwa sababu kijiji ni kidogo. Katiba yenyewe, kifungu cha 204, iliunda Hazina ya Usawazishaji, asilimia nusu ya mapato ya taifa kila mwaka, iende kwenye maji, barabara, afya na umeme kwa maeneo yaliyoachwa nyuma. Tana River ilikuwa kwenye orodha ya kwanza ya kaunti 14. Pesa zenyewe zimetoka kwa kuchelewa na kwa mabishano. Kila anayesema "hawa hawalipi" anampa waziri sababu moja zaidi ya kuchelewesha.

Kuna atakayesema: basi sekta ya jua kali yote isamehewe milele, na waajiriwa milioni 3 na kitu wafe na mzigo? La. Wapo kwenye jua kali wenye mauzo ya mamilioni, wana magala na malori, hawatoi risiti. Hao watafutwe, na sheria ya kuwatafuta ipo. Lakini usimtafute mwenye gala kwa kumtoza mwenye meza ya nyanya.

Juni 2024 tulikuwa tumelielewa hili. Mswada ule ulitaka kuweka VAT kwenye mkate, na waliotoka barabarani hawakuulizana nani ana hati ya mshahara na nani hana. Wenye kazi, wasio na kazi, wanafunzi, wauza mitumba, wote. Watu walikufa tarehe 25, na kesho yake Rais akatangaza hautii sahihi. Mkate uliwaunganisha watu kwa sababu kila mtu anaununua. Kisha mwezi ukaisha, mishahara ikaingia, na yale maneno yakarudi: sisi tunabeba, wao wanakula.

Katiba, kifungu cha 201, inasema mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Basi tudai haki yenyewe kwa majina yake. Kiwango cha 30 kisogezwe mbali na mshahara wa mwalimu. Mapato ya kodi na ya mali yakaribiane na mapato ya jasho. Misamaha ya kampuni ichapishwe hadharani kila mwaka, jina kwa jina, shilingi kwa shilingi. Mkulima anayemwagilia kwa pampu arudishiwe ushuru wa barabara asiyoitumia. Na pesa za Hazina ya Usawazishaji zitoke, kwa tarehe, zionekane Kulesa kwa macho.

Wewe mwenye hati ya mshahara, unaibiwa kweli. Ila aliyekuibia hayuko mtoni akivuta pampu. Mara nyingi ndiye unayempelekea kodi tarehe tano ya kila mwezi, na wewe ndiye unayemwita "mheshimiwa".