Hawajazoeana, Mmoja Ameshindwa

Ukisitasita mbele ya muuzaji wa samaki wa mapambo, ukamwuliza kama huyu wa buluu ataweza kukaa na yule aliye nyumbani, jibu analo mdomoni: mweke tu, watasumbuana siku mbili tatu, kisha watazoeana. Wateja wanaipenda kauli hiyo kwa sababu inawaruhusu kununua. Tena inaonekana kutimia, maana baada ya wiki vurumai kweli hupoa. Mimi nasema hakuna aliyemzoea mwenzake humo. Mmoja ameshinda, wa pili amesalimu amri, na mwenye tangi amehesabu ukimya huo kuwa amani.

Litazame tangi la namna hiyo saa ya kulisha. Mshindi anakata katikati ya maji, mapezi yote yamesimama. Mnyonge utamkuta juu kabisa kwenye kona, amejibana nyuma ya bomba la pampu, rangi imefifia, pezi la mkia limechanika nyuzinyuzi, matamvua yanapiga harakaharaka. Chakula kikimwagwa anachungulia, anatoka nusu, anarudi. Zikipita siku chache vinamtoka vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, na mwenye nyumba anakimbilia dawa. Vidoa hivyo ni vya kimelea, sibishi. Lakini samaki aliyechoshwa na hofu na njaa hana nguvu ya kupambana nacho, na dawa ya chupa haimwondoi jirani anayemfukuza.

Baharini ugomvi huu una kazi. Mchukue kangaja buluu wa Bahari ya Hindi, ambaye huvuliwa hai pwani ya Kenya na kuuzwa ng'ambo. Anaishi kwa kuchunga mwani kwenye miamba, na kila upande wa shina la mkia amebeba mwiba mkali kama kisu kidogo. Akiingiliwa malishoni anageuka ubavu, anatishia, anafukuza. Mgeni anakimbia, na akishavuka mpaka mambo yameisha. Kuondoka ndiko kuomba radhi kwao. Ndani ya kioo aliyeshindwa hana pa kuondokea, kwa hiyo radhi yake haifiki, na mshindi anaendelea kumwona mvamizi leo, kesho na mtondo.

Wapo wanaojibu kwamba wapiga mbizi huwaona kangaja hao wakila kwa makundi makubwa. Kweli. Ila umati ule ukishuka kwenye mwani unawazidi nguvu wenye malisho, hakuna anayejua amfukuze nani. Wawili sebuleni si umati. Ni mwenyeji na mvamizi.

Kibaya zaidi ni huruma ya kumnunulia samaki mwenzake wa sura ileile eti asiwe mpweke. Konrad Lorenz, mtaalamu wa Austria wa tabia za wanyama aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, aliwatazama samaki wa matumbawe baharini na katika matangi yake, na katika kitabu chake cha 1963 kuhusu uchokozi aliandika kwamba hasira yao kubwa humwangukia wa aina yao wenyewe. Ndiye anayekula chakula kilekile na kutaka pango lilelile. Huyo wa kumliwaza ndiye adui namba moja.

Hata samaki wa anemoni, ambao filamu ya Nemo imewafanya wapenzi wa watoto, hawakai pamoja kwa upole. Katika anemoni moja jike ndiye mkubwa, dume lake linafuata, na waliobaki wamepangwa kwa ukubwa, hawazai, wanangoja. Mwaka 2003 mtafiti Peter Buston alionyesha, kwa samaki wa Papua New Guinea, kwamba wa chini hujizuia kukua ili wasimkaribie ukubwa aliye juu yao wakafukuzwa. Sasa wewe nunua watano wa kimo kimoja, uwamimine pamoja, halafu ushangae.

Lakini hasira yangu kubwa ni kwa desturi ya samaki wa kuanzia. Tangi jipya linahitaji wiki kadhaa ili bakteria wa kugeuza amonia ya uchafu wa samaki wastawi, na ili kuwalisha bakteria hao maduka mengi humwuzia mgeni wa kazi hii domino, yule mdogo mweusi mwenye madoa matatu meupe, kwa kuwa ni rahisi na hafi ovyo. Domino anaingia nyumba tupu, anakuwa mmiliki wa kila jiwe. Samaki wa bei mbaya wanaokuja baadaye wanaingia kwake. Kumtoa ni kuvunja mpangilio wote wa mawe, na mkono wako utadonolewa. Na bakteria wale hustawi hata kwa kutiliwa amonia kidogo, bila samaki yeyote kutolewa kafara.

Tangi kubwa husaidia, lakini kwa samaki anayelinda eneo, mita moja na nusu ya kioo ni eneo moja tu. Kinachofaa ni kuchagua samaki wa maumbo na vyakula tofauti, kumwingiza mgomvi mwisho kabisa, kumtenga mgeni kwanza ndani ya kisanduku chenye matundu, na kupangua mawe siku anapotoka humo ili kila mtu aanze upya. Na kuna wengine wa kuishi peke yao, basi.

Maduka nayo yaache kuuza domino wa kuanzia, na yakubali kumpokea mnyonge akirudishwa kabla hajafa. Muuzaji anayeamini kweli kwamba watazoeana hatapata hasara yoyote akiliandika hilo kwenye risiti.