Gunia la Nyumbani Lisiingie Kwenye Lori

Kila mwaka baada ya mavuno, magunia ya mpunga hutoka kwenye mabonde ya Mwamkulu, Kakese na Mpimbwe yakaelekea mashineni. Sisi wa Katumba, mkoani Katavi, tunayaona yakipakiwa, na wengine wetu ndio tuliolima. Ikifika Januari, mama yule yule aliyekuwa na mpunga ndani anasimama dukani akipimiwa mchele kwa bei inayouma. Akiupika, watoto wanaula mweupe na mchuzi wa nyanya, basi. Mimi mkulima na mama wa nyumba nasema hali hii haifai, na tunaweza kuanza kuirekebisha kwenye karai letu wenyewe, kwa wali wa kukaanga.

Jirani yangu nilipomweleza hivyo aliguna. "Dada, hicho si chakula cha hotelini? Sisi na mishahara wapi na wapi!" Namwelewa. Ukienda Mpanda mjini unakuta sahani ya wali wa kahawia, paja la kuku na soda pembeni, ukadhani bila hivyo haujawa wali wa kukaanga. Lakini Indonesia, ambako unaitwa nasi goreng, ni chakula cha kawaida cha asubuhi majumbani, na mara nyingi hutokana na wali uliobaki jana. Ni mapishi ya mtu anayetaka chakula kidogo alichonacho kitoshe watu wote.

Na vitu vyake tunavyo. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanafika hapa wakiwa wakavu. Mboga ya majani ya lengalenga inaota hata nyuma ya banda la kuku. Karanga tunalima, maharage tunalima, alizeti tunakamua. Mawese yanatoka Kigoma. Kitunguu, karoti na kabichi vipo sokoni kwa mafungu. Kinachokosekana ni mazoea ya kuvikutanisha kwenye sufuria moja.

Kwa watu sita mimi hupima vikombe vitatu vya mchele. Mchele wa msimu huu hautaki maji mengi, kwa hiyo naweka vikombe vinne na nusu. Wali ukiiva nautandaza kwenye sinia pana, naufunika kwa kitambaa safi, mvuke utoke na punje ziachane. Wakati huo makaa yaliyopikia wali bado yana moto wa kutosha, siongezi mkaa. Naweka karai, nakaanga konzi mbili za dagaa waliooshwa bila mafuta mpaka wakauke na kunukia, nawatoa. Naweka vijiko vitatu vya mafuta, vitunguu viwili, kisha karoti na kabichi iliyokatwa nyembamba. Mboga zikianza kulainika nazisogeza pembeni, navunja mayai mawili katikati na kuyavuruga mpaka yashike. Wali unaingia, dagaa wanarudi, na lengalenga iliyokatwakatwa inaingia mwisho kabisa ili isipoteze rangi. Chumvi yenye madini joto, limau juu, karanga za kutwanga, naipua.

Siku isiyo na mayai naweka kikombe cha maharage yaliyochemshwa, na mlo haujapungukiwa kitu, maana maharage na wali hukamilishana katika kujenga mwili wa mtoto. Dagaa analiwa na mifupa yake, hapo umepata madini ya mifupa na meno. Limau nalo husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye majani. Vile vidonge vya kiungo vya dukani sehemu yake kubwa ni chumvi, na sosi nyeusi ya chupa nayo ina chumvi nyingi. Fedha hiyo nunua yai.

Jambo moja nalisema kwa mkazo. Wali uliolala kwenye sufuria jikoni usiku kucha usiukaange ukamlisha mtoto asubuhi. Kuna vijidudu vinavyostahimili moto wa kupikia, vikazaliana wali ukikaa vuguvugu, na sumu vinayoiacha haiondolewi na kukaanga. Mwenye friji autandaze upoe haraka, auingize mapema, kesho yake aukaange hadi uwe wa moto sana. Asiye na friji apike, autandaze, akaange saa hiyo hiyo, uliwe wote uishe.

Kwa nini nayaandika haya gazetini? Kwa sababu utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto watatu kati ya kumi walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Kwa majirani zetu wa Rukwa, mkoa unaolisha mikoa mingine, walikuwa karibu nusu. Maghala yamejaa na mtoto hakui. Tumbo la mtoto linaweza kujaa kila siku, ugali au wali, na mwili wake ukabaki na njaa ya mboga, ya samaki, ya maharage. Tukiendelea kuhesabu magunia bila kuangalia kilicho kwenye sahani, nasi wa Katavi tunajidanganya.

Katumba hii ilifunguliwa na wazazi wetu waliokimbia Burundi mwaka 1972. Walikuta msitu, wakapewa jembe na kipande cha ardhi, na katika miaka michache wakawa wanajilisha wenyewe na kuuza ziada. Waliuza ziada, siyo chakula cha watoto. Leo wengi wetu tuna vyeti vya uraia vilivyoanza kutolewa mwaka 2014, ardhi tunayo, na bado baba anauza mpunga wote kwa siku moja kabla mama hajaulizwa.

Ombi langu kwa akina baba ni hili: kabla mnunuzi hajafungua mzani, tengeni mpunga wa nyumba kwa idadi ya midomo, ufungwe, na mama ndiye ashike ufunguo. Kwa wahudumu wa afya wa vijiji vyetu: siku ya afya na lishe ya kijiji, mapishi darasa yasiishie kwenye uji. Washeni jiko, leteni karai, dagaa na lengalenga, na waiteni vijana wa kiume nao, maana kesho ni baba wa watu. Na kwa mama mwenzangu: usingoje sikukuu. Jumamosi hii kaanga wali kwa ulichonacho, umpakulie mtoto mdogo kwanza, na dagaa wake wasipungue.