Uso wa Mafuta na Matunzo Yake katika Mwambao wa Kilwa na Lindi

Katika mwambao wa Kilwa na Lindi, ambako joto na unyevu wa bahari humtoa mtu jasho hata akiwa kivulini, kijana anayebalehe aghalabu hudhani kwamba kung'aa kwa uso wake ni uchafu. Kosa la kwanza huanzia hapo. Mng'ao huo huweza kuwa jasho tupu. Uso uoshwe na kukaushwa, kisha baada ya saa moja ubandikwe kipande cha karatasi nyembamba. Karatasi ikilowa na kukauka bila alama, hayo ni maji. Ikibaki na baka linalopitisha mwanga, hayo ni mafuta.

Mafuta hayo hutoka katika tezi ndogo zilizoshikamana na mashina ya vinyweleo, nazo ni nyingi zaidi kwenye paji, pua na kidevu. Zinazoziamuru ni homoni za balehe, wala si sabuni. Ajisuguaye kwa sabuni ya kufulia mara tano kwa siku huondoa mafuta ya juu tu. Tezi huendelea na kazi yake, na ngozi huchubuka. Tena katika ngozi nyeusi mchubuko, au chunusi iliyotumbuliwa, huweza kuacha doa linalodumu miezi kadhaa.

Doa hilo ndilo mlango wa balaa. Ili kuliondoa, msichana hushawishiwa kununua krimu ya kung'arisha au mkorogo usiojulikana umetiwa nini. Zebaki hudhuru figo. Hidrokwinoni ikitumiwa ovyo kwa muda mrefu huweza kuifanya ngozi iwe nyeusi kuliko awali. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba, na zenyewe huzusha chunusi! Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 iliviweka vipodozi chini ya udhibiti, na tangu mwaka 2019 kazi hiyo imo mikononi mwa Shirika la Viwango. Lakini mkaguzi hawezi kuketi katika kila duka la Kivinje na Mchinga.

Je, liwa? Wako wasomi wanaoicheka, na kicheko chao hakina msingi. Mti uliosagwa laini juu ya jiwe, ukipakwa na kukauka, hufyonza mafuta ya juu. Tezi hauigusi, wala bibi anayesaga liwa hakudai hivyo. Sharti jiwe na maji yawe safi, na ndimu isichanganywe, kwani maji yake yakipigwa na jua huweza kuunguza ngozi vibaya.

Mafuta ya nazi ni shauri jingine. Asidi ya lauriki, ambayo ni karibu nusu ya asidi zake, huua bakteria wa chunusi katika maabara. Hata hivyo mafuta yenyewe ni mazito na huziba vinyweleo. Yafaa nywele na miguu.

Kwa wengi, sabuni isiyo kali mara mbili kwa siku yatosha. Chunusi zikizidi, ipo dawa ya benzoili peroksaidi. Ile ya asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa na ile ya asilimia 10, na haiwashi sana kama hiyo. Ila hutoa rangi kwenye kanga na foronya. Mwenye vipele vikubwa vyenye usaha na maumivu asijitibu dukani, bali aende hospitali mapema, kabla havijaacha makovu.